Mkono Wangu Waliuita Njaa

Nitaanza na majina. Watu wengi huanza na pole, na pole haijawahi kunisaidia. Kinya, mtoto wangu wa kuzaa. Brayo, rafiki yake wa chuo. Kelvin, yule kijana wa koti jeupe. Murithi wa duka la dawa. Na Baba Kinya, ambaye bado tunalala chumba kimoja, na akisoma hapa asome vizuri.

Kama umeketi kwa benchi la hospitali sasa hivi, mkono umeulaza kwa paja kama ni wa mtu mwingine, ujue mimi niliketi hapo kabla yako. Siandiki kukubembeleza. Ninaandika ili yale walinifanyia mimi wasikufanyie wewe.

Mimi ni msusi hapa Nchiru. Shule niliachia darasa la saba huko Kanyakine, nikajifunza kusuka kwa vichwa vya dada zangu, nikaolewa, nikafungua kibanda karibu na hosteli za wanafunzi. Kusuka hakujawahi kuniumiza. Hilo ulishike, kwa sababu baadaye kuna mtu atataka kuuweka ugonjwa wangu kwa kazi yangu, na mimi nilimkatalia na bado ninakataa.

Zamani mwanafunzi akikalia kiti changu tulikuwa tunaongea. Nilijua mwalimu gani ni mkali, nani ameachwa na nani, nani mama yake ni mgonjwa. Halafu simu kubwa zikaingia na vichwa vikaanza kuanguka. Ninamwambia msichana, "Inua kichwa." Anasema, "Sawa mum." Kabla sijagawanya nywele kimeanguka tena kwa kifua. Kidogo kidogo nikaanza kugusa vitu na kitana huko nyuma ya shingo: vinundu, misuli migumu kama kamba. Msichana wa juzi, lakini shingo ni ya nyanya aliyebeba kuni na kamba ya paji la uso maisha yake yote. Na malalamiko ni yaleyale. Kichwa kinauma. Macho yanawasha. Sipati usingizi. Wanameza dawa za maumivu na soda, palepale kwa kiti changu. Mimi nilidhani ni masomo. Nikawa ninawahurumia, ninasema kweli chuo kikuu si mchezo.

Kinya alipoingia chuo nilifurahi mpaka nikasuka watu vibaya siku hiyo. Yeye ndiye aliniletea Brayo. Brayo anasomea mambo ya kompyuta, ana ndevu chache ambazo anazishikashika akiongea. Alisimama kwa mlango wa kibanda, akaangalia picha za staili nilizobandika ukutani, zimepauka na jua.

"Mathe, unakaa kianalogi sana," akasema.

"Analogi ndiyo ilimsomesha huyu unamfuata," nikamjibu.

Kinya akacheka, akasema, "Mami, wacha Brayo akufungulie ukurasa. Wasichana wote wanatafuta wasusi kwa simu."

Wakanifungulia. Wakanifundisha kupiga picha, kuweka picha, kujibu. Na wateja wakaja, sitasema uongo. Lakini hawakuja peke yao. Walikuja na maswali. Uko wapi? Uko free? Unasuka hii? Unaweza hii na nywele fupi? Usipojibu haraka mtu ameshaenda kwingine. Hata wale waliokuwa tayari kibandani walikuwa wananiandikia. Msichana ameketi kwa benchi, goti lake linagusa ndoo yangu ya maji, halafu simu inalia, ninaangalia, ni yeye: "Mum bado?"

Ndipo nikajifunza ule ustadi ambao Brayo aliusifu sana. Mkono wa kushoto unashikilia nywele zisifunguke, wa kulia unabeba simu, na kidole gumba cha huo huo wa kulia ndicho kinaandika. Kinabeba na kinaandika. Kidole kimoja kimepewa kazi ya watu wawili. "Mathe sasa umekuwa wa chuo," Brayo alisema, na mimi kwa ujinga nikajisikia vizuri.

Hakika nilikuwa wa chuo. Nikaanza kuishi kama wao. Ninakula na simu, ninaenda choo na simu, ninaingia kutafuta staili moja kwa zile video fupifupi, nikitoka huko maharagwe yameshika sufuria. Nikaanza kuamka nimechoka. Macho yakawa kama yana mchanga. Nani alinifundisha hayo maisha? Si kanisa. Si mama yangu.

Mkono ulianza na mvua ya Machi, wakati watu wanapanda maharagwe. Ulianza na kuwashwa, vidole vitatu: gumba, kinachofuata na cha kati. Ni ile hali ya mguu ukiulalia, lakini hii haitoki. Nilikuwa ninaamka ninakung'uta mkono kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Nikikung'uta unapoa, nikirudi kulala unawaka. Ndani kama kuna makaa. Asubuhi ninauning'iniza nje ya kitanda, ninauangalia, ninauambia, basi wewe unataka nini?

Halafu ukaanza kuniaibisha kazini. Nywele nyembamba zinaniponyoka. Nikidhani nimezibana, kumbe kidole hakijui kama kimebana au hakijabana. Msichana mmoja akaenda na kurudi. "Mum, hii laini imelegea." Nikamfunga tena. Akarudi tena. Mara ya tatu hakurudi, alienda kwa msusi mwingine na akaniandikia maneno kwa ukurasa, watu wote wakasoma.

Nikamwambia Baba Kinya mkono unakufa. Alikuwa anavaa gambuti aende shambani.

"Unakufa kwa jembe," akasema. "Kwa simu hauoni ukikufa."

Jibu lilikuwa limekaa hapo ndani ya maneno yake, bichi kabisa, na hata yeye hakulisikia. Alikuwa ananichokoza tu. Akatoka akiwa amefurahi.

Mama mkwe ndiye alinipeleka hospitali. Sitaitaja, iko Meru, na wengi wanaofanya kazi hapo hawana makosa. Tulifika mapema, tukaketi kwa mabenchi, tukasogea, tukasogea. Ukiwa hujawahi kungoja hospitali ya watu wengi, ni hivi: unasogeza makalio mpaka unasahau ulikuja na ugonjwa gani. Kulikuwa na baridi. Nikaufunga mkono ndani ya leso.

Tulipoitwa, tulimpata Kelvin. Ni mwanafunzi, yuko kwa atachimenti, anajifunza kazi, jina liko kwa kifua. Ameketi, kalamu kwa mkono mmoja, na mwingine umeshuka kati ya magoti, una simu. Kidole gumba kinapanda na kushuka. Mara anatabasamu kidogo. Mimi nilidhani anatafuta dawa yangu huko ndani.

"Karibuni. Shida ni gani?" akauliza, macho chini.

Sasa sikiliza vizuri. Sisi Wameru mkono tunauita njara. Mama mkwe Kiswahili chake ni cha soko, kikimwishia anaweka Kimeru anaendelea. Na mbele ya daktari, aliye mkubwa kwa umri ndiye huongea, hiyo ni heshima ya kwetu, mgonjwa anakaa kimya.

"Dagitari," akasema, "huyu ni bibi ya kijana yangu. Njara yake imekufa."

"Imekufa tangu lini?"

"Tangu mvua ianze. Na inamchoma. Inamchoma kama moto, sana usiku."

"Anakula?"

"Atakula aje? Hata kijiko hawezi shika!"

"Mama, wewe mwenyewe, ukikula unasikiaje?"

Nikasema, "Ninajikaza tu, daktari. Kikombe kinaniponyoka."

"Pole sana," akasema. Kidole kilipanda, kikashuka. Akaandika. "Usikule maharagwe, pilipili, uji wa kuchacha na majani ya chai. Dawa utachukua kwa dirisha. Zikiisha nunua nyingine, usikatize."

Mkono haukutoka ndani ya leso. Hakuuona. Hakuugusa. Alikuwa mgeni wa mbali, si wa huku, na kwa masikio yake njara ilikuwa njaa. Njaa imekufa, inachoma kama moto, hawezi kula. Mimi nitajuaje? Nilimwona mtu wa koti jeupe ameandika kwa uhakika. Nikasema asante. Ndiyo, nilimwambia asante.

Kwa hivyo hivi ndivyo nilitibu mkono: niliacha maharagwe. Mavuno ya maharagwe yalinipita nikiwa ninayanusa kwa sufuria za wengine. Niliacha chai, na mtu wa Kanyakine akiacha chai ujue amekubali kufa. Mama mkwe alinichunga kama askari. Nikikaribia sufuria ananiita kutoka nje, "Mama Kinya! Hiyo itaingia kwa mkono!" Na sisi wote tuliamini. Tulikuwa tunasema maharagwe yana gesi, labda gesi hushuka kwa mishipa.

Dawa zikiisha ninaenda kwa Murithi. Murithi ana duka la dawa hapo barabarani na ana mchezo fulani wa simu wa kupanga peremende. Ninamwonyesha pakiti tupu, ananipa nyingine, macho yako kwa peremende.

"Murithi, hii ni ya nini hasa?"

"Si ni ile uliandikiwa, mum?"

"Lakini mkono bado."

"Itashika. Maliza dozi."

Alinisikia nikisema mkono. Mimi nilisema mkono kwa Kiswahili safi, mbele yake, mara nyingi. Yeye hana udhuru wa kutojua Kimeru, ni Mmeru wa Igoji. Ndiyo maana nimemtaja.

Baridi ya Julai ilipofika nyama ilianza kuisha. Ile nyama nene hapo chini ya kidole gumba, ikazama, ikawa kishimo, ungeweka punje ya njahi hapo na isidondoke. Nikilinganisha mikono miwili nilikuwa kama nimeazima mmoja kwa mzee. Sikuweza kufunga sidiria. Sikuweza kufungua chupa, kumenya ndizi, kuzungusha ufunguo. Mambo mengine ya chooni sitaandika, aliye na ugonjwa huu anajua. Kibanda nikamwachia msichana niliyekuwa nikimfundisha. Ninaketi kwa benchi langu mwenyewe ninaangalia mtu mwingine akisuka wateja wangu. Usiku usingizi haupo, kwa hivyo ninafanya nini? Ninashika simu. Hakuna aliyeniambia niiache. Niliambiwa niache uji.

Kinya alikuwa ananivalisha asubuhi kabla ya kwenda darasani. Siku moja nilienda kanisani watu wakawa wananiangalia kifuani. Vifungo vilikuwa vimepandana, cha juu kwa tundu la tatu. Alikuwa amenifunga akiangalia simu. Niliporudi nilimwambia maneno ambayo siwezi kuandika, na yeye akanijibu, "Mami, si mimi nilikuambia ukae huko ndani siku nzima! Mimi nilikufungulia ukurasa tu!" Baba Kinya alisikia, akaongeza sauti ya redio. Tukakaa nyumba moja bila kusemezana. Kinya aliendelea kunivalisha, na mimi nikiangalia ukuta.

Dada yangu Karimi ndiye alinitoa hapo. Anaishi Embu, mtaa wa Dallas, ameolewa na mtu mwenye bucha. Alikuja kwetu kwa sherehe ya mahari ya jirani. Wakati wa kula akaniona ninakula na mkono wa kushoto, na wa kulia umelala hapo kando ya sahani. Akauchukua bila kuniomba, akaugeuza juu ya meza mbele ya wageni.

"Huu ni nini?"

"Ni mkono. Ninautibu."

"Unautibu na nini?"

"Vidonge. Na siku hizi sili maharagwe."

Karimi aliniangalia kama mtu aliyerogwa. Kesho yake nilikuwa Embu.

Sasa nikwambie juu ya chumba cha kungojea cha hospitali ya Embu, maana hapo ndipo niliona ukweli kabla daktari hajaniambia. Nilitarajia wazee. Nilipata wanafunzi. Kijana mmoja shingo imefungwa na kola ngumu, anatazama mbele kama jogoo aliyekasirika, na kwa sababu hawezi kuinamisha kichwa ameinua simu mpaka usawa wa macho. Mwingine amevaa miwani mpya, machozi yanamtoka yenyewe. Na kando yangu msichana, mkono wa kulia uko ndani ya kitu kama glavu ngumu yenye ubao. Wa kushoto unatelezesha video.

"Wewe ni wa nini?" nikamuuliza.

"Kidole, mum. Na shingo. Na kichwa. Na silali."

"Unasomea nini?"

"Uuguzi."

"Utauguza watu na mkono gani?"

Akauinua wa kushoto bila kuangalia kando. "Huu bado uko fiti."

Yule wa kola akacheka, halafu akasema "aii" kwa sababu kucheka kulimvuta shingo.

"Daktari hajakuambia uache hiyo simu?" nikamuuliza msichana.

"Alisema nipunguze. Nimepunguza."

Video ilikuwa inaendelea kucheza mkononi mwake. Hapo nikaangalia mkono wake na wangu, tumeketi tumefanana, yeye wa mwaka wa pili na mimi wa darasa la saba. Nikasema, kumbe huu ni ugonjwa wa chuo kikuu. Nimeupata bila hata kufanya mtihani.

Daktari alikuwa mama wa umri wangu, mtu wa Runyenjes. Kitu cha kwanza alisema, "Nipe mkono." Nusura nilie. Aliushika, akaubonyeza, akauinamisha ukachoma mpaka kwa bega, akanipitishia pamba kwa vidole nikiwa nimefunga macho.

"Unasikia?"

"Umeanza?"

Alikuwa amemaliza.

Akauliza ninatumia dawa gani. Nikamwaga mfuko mezani. Akashika pakiti moja, akashika nyingine.

"Mama, una vidonda vya tumbo?"

"Hapana."

"Hizi zote ni za tumbo."

"Tumbo la nani?"

Akaniangalia. Akauliza mara ya kwanza nilipoenda hospitali tulisema nini, maneno yenyewe. Nikamwambia ni mama mkwe aliongea, alisema njara yake imekufa, inamchoma kama moto. Kwao pia mkono ni njara. Nilimwona akifika pale kabla yangu. Aliweka mkono mdomoni.

"Alisikia njaa," akasema.

Alicheka. Kidogo tu, kicheko kilimtoroka, halafu akaniona uso na akaacha. Sijamsamehe hicho kicheko, ingawa ndiye alinisaidia. Mimi sikuona cha kucheka. Mkono wangu ulikuwa umelala ndani ya leso, mbele ya macho ya mtu, mtu akatibu tumbo, na muda wote huo nyama ilikuwa inaliwa. Angeinua kichwa mara moja tu. Masikio yanaweza kukosea, lakini macho alikuwa nayo, na alikuwa ameyaweka mahali pengine.

Daktari akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwa kifundo cha mkono. Akaniuliza kazi, akaniuliza simu ninaishika vipi. Nikamwonyesha ule ustadi wa Brayo. Akatikisa kichwa. Akasema pia kusuka kumechangia.

"Kusuka usiguse," nikamwambia. "Nimesuka kabla hawa watoto hawajazaliwa."

"Sawa, mama. Lakini kuna kitu lazima nikuambie. Ungekuja mapema, huenda ungefungwa kifaa usiku, ukaacha simu, ikaisha. Sasa tutajaribu sindano, na nafikiri tutafika kwa kisu. Ganzi inaweza kutoka. Hii nyama iliyoisha sijui kama itarudi."

"Nitasuka?"

"Sijui."

Nilipenda kwamba alisema hajui. Niliuchukia huo ukweli, lakini nilipenda kwamba alisema.

Nikakaa Dallas kwa Karimi. Kulikuwa na wakati wa kifaa, mkono umefungwa kila nikilala. Kulikuwa na wakati wa sindano, ambayo inaingia hapo kwa kifundo na unaona nyota mchana. Iliniondolea moto nikadhani nimepona, halafu moto ukarudi na hasira. Simu kubwa nilimpa Karimi akafungia kwa kabati la nguo, nikapewa kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza. Siku za kwanza nilikuwa kama mlevi aliyenyimwa. Kidole gumba kilikuwa kinatembea chenyewe juu ya blanketi. Nikamgombeza Karimi, nikamwambia yeye si mama yangu. Akanijibu, "Ndiyo, mimi ni mbaya zaidi," akaniogesha mgongo, akanipaka mafuta, akaenda buchani. Na maharagwe alinipikia siku ileile ya kwanza, sufuria nzima, na chai ya majani mengi. Nilikula nikilia kwa hasira.

Mama mkwe alipigiwa simu akaelezwa. Tulimsikia mpaka jikoni. "Mimi nilisema njara! Njara! Hata kama hana masikio, hana macho?" Huyo mama simweki pamoja na wale wa juu. Yeye alinisindikiza.

Opareshoni ilikuwa mvua ya Oktoba ilipoanza. Hawakunilaza kabisa, walifisha mkono tu na kuweka kitambaa nisione, na mimi ninasikia wakiongea juu ya mpira. Ilikuwa fupi kuliko kusuka matuta ya mtoto. Kilichofuata ndicho kirefu: bandeji, nyuzi, mazoezi ya kufinya mpira wa soksi, kufinya, kufinya.

Lakini asubuhi ya kwanza, hilo nitaliandika kwa sababu sitaki useme sina shukrani. Karimi alinipa maji kwa kikombe cha chuma nikakipokea na ncha za vidole zilizobaki nje ya bandeji. Kilikuwa baridi. Nilikisikia baridi! Niliketi nacho hivyo bila kunywa mpaka kikapata joto la mkono.

Niliporudi nyumbani nilipitia Meru kumtafuta Kelvin. Mama wa kupokea watu akaniambia huyo alimaliza atachimenti akaenda. Alienda wapi? Hajui. Basi Kelvin, popote uko, pengine sasa una cheti na mlango wako mwenyewe. Ile siku ulitabasamulia kitu kwa simu. Natumaini kilikuwa kizuri sana.

Murithi nilimpata.

"Murithi, ulikuwa unaniuzia dawa ya tumbo."

Akasimamisha mchezo. Akafikiria. "Lakini mum, tumbo liko sawa?"

"Tumbo halijawahi kuwa na shida!"

"Basi ilifanya kazi," akasema. Akadhani nitacheka. Tangu hapo nikiumwa hata na kichwa ninapita duka lake nikitembea polepole anione, ninaenda kununua kwingine.

Brayo alinitumia salamu na Kinya, kwamba ukurasa bado una watu wengi, nisiufunge. Nikamwambia Kinya amrudishie salamu zake zikiwa nzima. Baba Kinya hakusema pole. Alitengeneza mpini wa jembe mwembamba, akauweka karibu na mlango, akasema huo utanitosha. Sijautumia. Sijui kama nitautumia.

Ganzi ilitoka. Nyama haikurudi, kishimo kipo. Kibandani nilikuwa ninaenda kuketi tu, kwa sababu niliogopa kujaribu kwa kichwa cha mtu na kukosa mbele ya watu. Kinya ndiye alikuja siku moja asubuhi, nywele amezifumua zote zimesimama, akaketi kwa kiti changu. Hatukuwa tumesemezana vizuri tangu mambo ya vifungo.

"Nisuke," akasema.

"Kuna msichana hapo."

"Sijakuja kwa msichana."

Aliweka simu kwa ndoo tupu, akaifunika na taulo. Sikumwambia. Sikumsifu pia.

Nikagawanya nywele. Kidole gumba kilikataa. Nywele zikaponyoka kama zile siku mbaya. Nikazishika tena. Nikajaribu kubana kwa kidole cha shahada na pembeni ya cha kati, gumba nikakiacha kisukume tu. Ilikuwa kama kusuka kwa glavu. Laini ya kwanza nilifumua. Ya pili nilifumua. Kinya shingo iko juu, hajageuka, hajasema "pole mami", na kama angesema ningemfukuza. Laini ya tatu ilikaa. Nikaivuta, ikakaa.

Nilisuka mpaka kifundo kikavimba juu ya kovu. Kichwa kilikuwa nusu. Kulia kumesukwa, kushoto msitu. Masomo yake yalikuwa yanaanza.

"Msichana atamalizia," nikasema.

"Hapana."

"Basi vaa kofia. Watakucheka huko."

Akajiangalia kwa kioo, upande huu na upande huu. Akachukua kitabu chake, akatoa simu kwa ndoo, akaitia ndani kabisa ya mkoba.

"Wacha wacheke. Nitarudi kesho umalize."

Akavuka barabara hivyo, kichwa nusu, watu wa hosteli wakamwona wote. Mimi nikabaki mlangoni ninafinya mpira wa soksi.